Waya za Mwili na Mtu Aliyeanguka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama Kitale, na tena Bungoma)



Tumeombwa tuseme juu ya mishipa ya fahamu, ambayo waganga wa hospitali huiita neva. Twajua wengine wenu mwanong'ona: je, chama sasa kimekuwa shule ya udaktari? Mshahara haujatosha, nyumba zavuja, nasi twaletewa habari za ubongo! Subirini kidogo, ndugu. Tutawaambia kwanza kilichotuleta hapa.

Kuna mwenzetu wa gengi aliyeanguka kutoka juu ya behewa la mizigo. Aliangukia mgongo, juu ya kokoto. Sisi tuliokuwapo tulikuwa wanne. Tulimpenda, na kwa sababu tulimpenda tulifanya haraka. Mmoja alimshika makwapani, wengine wakashika miguu, na mgongo ukaning'inia katikati kama gunia lililojaa nusu. Tukamkalisha kiti cha nyuma cha gari dogo, tukambana huku na huku asianguke, gari likaondoka kwa mbio katika mashimo yote mnayoyajua. Tulipofika hospitali, swali la kwanza la daktari halikuwa "Alianguka vipi?" Aliuliza, "Mlimbebaje?" Tukamweleza. Akanyamaza.

Mwenzetu huyo hatembei hata leo. Daktari alisema hawezi kujua kama kilichokata ni kule kuanguka au ni kule kubebwa. Nasi hatujui, wala hatutajua. Ndiyo sababu tulianza kuuliza na kusoma, tukawasumbua waganga wa zahanati mpaka wakatuchoka. Haya tunayosema leo ni yale ambayo tungalitaka kuambiwa kabla ya siku ile.

Kwanza tuondoe fujo katika neno. Sisi Waswahili tumelionea neno "mshipa". Damu yapita katika mshipa. Mtu akiwa na ngiri twasema ana mshipa. Shingo ikikakamaa twasema mshipa umevutika, kumbe ni msuli. Na neva nayo ni mshipa. Basi ukimwambia daktari "naumwa na mishipa," umemwambia kama mtu aliyefika stesheni akasema "nataka kwenda huko." Mishipa tunayosema leo haina damu ndani yake na haina nguvu ya kuvuta kitu. Kazi yake ni moja tu, kupeleka habari. Ni waya za simu za mwili.

Mfano huu wa simu si wa kubahatisha. Wale waliotutangulia katika reli, siku za Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, walijua kwamba chuma peke yake si reli. Njia ilipofika Kitale mwaka 1926 kutoka Leseru, waya nao ulihitajika. Njia ni moja, na treni mbili haziwezi kupishana juu ya njia moja. Basi treni haikuondoka stesheni mpaka stesheni ya mbele imejibu kwamba njia ni tupu. Waya ukikatika, injini ni nzima, dereva ni mzima, makaa yamejaa, na hakuna kinachokwenda. Mwenzetu yule miguu yake ni mizima. Mifupa ya miguu haikuvunjika, damu yapita, misuli ilikuwa na nguvu. Waya ndio uliokatika.

Sasa tutazame waya hizi zimepangwaje. Makao Makuu ni ubongo, ndani ya fuvu la kichwa. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama kilo moja na theluthi, tuseme gramu 1,300 hadi 1,400. Lakini kitu hicho kidogo chala kama sehemu moja katika tano ya nguvu yote ya mwili unapokuwa umepumzika. Pumzi ikizuiwa, ubongo waanza kufa kwa dakika chache, ilhali mkono waweza kungoja saa nzima na zaidi. Ndani yake mna seli za neva zipatazo milioni elfu 86, yaani bilioni 86. Watu wote wa dunia ni bilioni 8 na kidogo. Kwa hiyo kila mmoja wenu aliyekaa kwenye benchi hilo ana makarani zaidi ya mara kumi ya watu wa dunia, hata yule aliyesinzia pale nyuma.

Kutoka Makao Makuu yashuka njia kuu. Hapa tena neno latuchanganya, maana twasema "uti wa mgongo" tukimaanisha mifupa, na wengine wakimaanisha kilicho ndani ya mifupa. Mifupa ni pingili, moja juu ya nyingine, na kila pingili ina tundu. Matundu hayo yakipangana yafanya bomba. Ndani ya bomba hilo yapita kamba laini, nyeupe nje na kijivu ndani, unene wake kama kidole cha mwisho, urefu wake kama sentimita 45 tu. Haifiki chini kabisa. Yakoma juu kidogo ya kiuno, na kutoka hapo zashuka nyuzi nyingi kama mkia wa farasi. Kamba hiyo ndiyo njia kuu. Ni laini kama ugali mbichi, na ulinzi wake ni zile pingili. Pingili ikivunjika ncha yake yageuka kisu.

Njiani matawi yatoka, jozi 31, kulia na kushoto, kupita nafasi zilizo kati ya pingili. Ya shingoni huenda mikononi. Ya kifuani huzunguka mbavu. Ya chini huenda miguuni, na mojawapo, lile la nyuma ya paja, ni nene kama kidole. Ndilo linalouma mtu aliyeinua reli vibaya, maumivu yakashuka kutoka kiunoni mpaka kisigino. Matawi mengine jozi 12 yatoka kichwani moja kwa moja, ya macho, masikio, uso na ulimi.

Jambo moja lilitufurahisha. Katika kila tawi habari za kupanda na amri za kushuka zina nyuzi zake mbalimbali. Zinapofika kwenye kamba kuu, habari huingia kwa mlango wa nyuma na amri hutoka kwa mlango wa mbele. Mungu alijenga njia mbili pale ambapo sisi tulipewa moja.

Habari zenyewe hupitaje? Zamani wataalamu walidhani ni kasi kama ya radi, haipimiki. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliipima kwa mguu wa chura, akapata mita kama 30 kwa sekunde. Watu walishangaa kwamba ni polepole hivyo. Leo twajua nyuzi si sawa. Zilizo nene na zilizovikwa ganda la mafuta hupeleka habari mpaka mita 120 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Ganda hilo lina mapengo madogo madogo, na habari huruka kutoka pengo hadi pengo kama treni ya haraka isiyosimama vijijini. Nyuzi nyembamba zisizo na ganda huenda mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea.

Ninyi wa nyundo mwalijua jambo hili bila kusoma. Nyundo ikikuponyoka ikaangukia kidole cha mguu, kwanza wasikia maumivu makali kama sindano. Kisha pana kituo kidogo, unapata hata nafasi ya kusema "Aa!" Ndipo yaja yale maumivu mengine, mazito, ya moto. Nyundo ni moja, lakini barua zilikuwa mbili, moja kwa treni ya haraka, nyingine kwa miguu.

Lakini si umeme unaotiririka kama ule wa nguzo za stima. Ni chumvi. Ndani na nje ya uzi mna chumvi za namna mbalimbali, na habari inapopita, milango midogo hufunguka na chumvi huingia na kutoka, mlango mmoja ukiuamsha wa pili, kama moto unavyoshika nyasi kavu. Nyasi za mwili huota tena mara hiyo hiyo, tayari kwa habari nyingine.

Mkono wako ukigusa bomba la moto hauungoji ubongo. Habari yafika kwenye kamba ya mgongo, na hapo hapo amri yatoka kwenda kwenye misuli, mkono warudi. Ubongo hupata taarifa baadaye. Ni kama stesheni masta wa Leseru aliyeona ng'ombe njiani. Husimamisha treni kwanza, kisha ndipo ataarifu wakubwa. Hata hivyo wakubwa waweza kutuma amri ya kuzuia. Ndugu wa Bungoma hapa tutawaeleza nini? Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu huletwa kutoka mtoni alfajiri, amepakwa tope baridi, akasimama uwanjani mbele ya watu wote, na kisu chapita, na jicho halipepesi. Kamba ya mgongo yasema "ruka!" Kichwa chasema "simama!" na kichwa chashinda. Na lile tope si mapambo tu, maana baridi huzifanya neva zipeleke habari polepole. Wazee hawakuwa na vitabu vya neva, lakini mambo mengi waliyaona kwa macho.

Kuna wanaodhani kutosikia maumivu ni neema. Huko Alupe, upande wa Busia, palikuwa na hospitali ya wenye ukoma. Watu waliona vidole vimekwisha, wakasema ugonjwa wala vidole. Sivyo. Vijidudu vya ukoma hushambulia neva za mikono na miguu. Mtu akishika sufuria ya moto hasikii, akikanyaga msumari hasikii, kidonda chaoza naye acheka na rafiki zake. Ni habari tu zilizokosa kufika. Ukoma watibika sasa, na dawa yake hutolewa bure, bora mtu awahi.

Tufike sasa kwenye jambo la Kitale, maana wengi hapa mna ndugu katika mashamba ya mahindi, na wengine ninyi wenyewe mkitoka kazini mwashika pampu ya dawa. Tulisema habari husafiri katika uzi. Lakini uzi mmoja haugusani na mwingine. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alilionyesha hilo, na Mwitaliano Camillo Golgi alilikataa. Mwaka 1906 wakapewa tuzo moja ya Nobel wote wawili, na bado Golgi alisimama pale pale akaendelea kubisha. (Basi tusione haya tukibishana mikutanoni.) Cajal ndiye aliyekuwa na haki. Kati ya uzi na uzi, na kati ya uzi na msuli, pana ufa mwembamba, kama milimita moja iliyogawanywa mara elfu 50. Habari haiwezi kuuruka. Hupandishwa kivuko. Uzi humwaga dawa yake kidogo, dawa yavuka, yagonga upande wa pili, msuli wakaza. Dawa ya kwenye misuli yaitwa asetilikolini. Na mara tu ikigonga, yuko mfagiaji ambaye huikatakata, ili msuli ulegee na kungoja amri nyingine.

Dawa nyingi za kuua wadudu, za kupulizia na hata za unga wa kuhifadhi mahindi ghalani, ni za jamii iitwayo oganofosifeti. Kazi yake ni kumwua yule mfagiaji. Basi amri moja yageuka amri isiyokwisha. Mdudu hutetemeka akafa. Lakini mfagiaji wa mdudu na mfagiaji wa mtu ni ndugu. Mwaka 1936 mtaalamu wa Ujerumani, Gerhard Schrader, akitafuta dawa ya wadudu, alikuta ametengeneza sumu ya vita, tabuni. Ni jamii hiyo hiyo. Za shambani zimepunguzwa ukali, hazikubadilishwa kazi.

Kwa hiyo mtu aliyepuliza dawa bila glavu, dawa ikamwagikia mgongoni kutoka kwenye pampu iliyovuja, akaanza kutoka mate mengi, machozi, jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, akatapika, akaharisha, misuli ikarukaruka, msimwambie ni malaria. Msimwambie alale. Waya zake zapiga kelele zote pamoja, na karibu zitachoka, na msuli wa pumzi ni msuli kama mingine. Mvueni nguo zote, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nanyi jifunikeni mikono msije mkaipata. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi na mchukue chupa ya dawa yenye karatasi yake, ili daktari aone jina. Iko dawa ya kuzuia, atropini, lakini yataka kuwahi. Na maziwa, ndugu! Twajua shamba baada ya shamba ambako kibarua akimaliza kupuliza hupewa nusu lita ya maziwa "kuosha sumu." Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayamrudishi mfagiaji aliyekufa. Kinachotakiwa ni glavu, viatu, nguo za kazi, na maji ya kuoga pale shambani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri azitoe nguo hizo, wala si kwa hisani yake.

Turudi kwa mwenzetu. Neva ya mkono au mguu ikikatwa na kuunganishwa vizuri yaweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kiwiko mpaka kidoleni ni mwaka na zaidi, lakini pana tumaini. Kamba kuu ya mgongo haifanyi hivyo. Ikikatika, kilicho chini ya hapo chakosa Makao Makuu. Ikikatika kifuani, miguu huenda, pamoja na kujua haja kubwa na ndogo. Ikikatika shingoni, mikono nayo huenda. Na juu shingoni ndipo itokapo neva ya kiwambo cha pumzi. Pakikatika juu ya hapo, mtu hawezi kuvuta pumzi mwenyewe.

Lakini si kila pingili iliyovunjika imekata kamba. Mara nyingi pingili imevunjika na kamba bado ni nzima, yangoja tu. Hapo ndipo sisi wanne tuliposimama siku ile, na hatukujua tulipokuwa tumesimama.

Mtu akianguka kutoka juu, au akigongwa, fanyeni hivi. Msimwinue. Mtu aliyelala njiani hulindwa kwa kusimamisha treni, kwa hiyo mmoja akimbie na bendera nyekundu. Ikiwa pana moto au treni haizuiliki, hapo hapana budi kumvuta, na avutwe kwa urefu wa mwili, si kwa kukunjwa. La sivyo mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, wala asikiachilie mpaka daktari aseme. Mwingine amwulize jina lake, amwambie acheze vidole vya miguu na vya mikono, aguse ngozi yake na kuuliza kama asikia. Mlichokiona kiandikeni, pamoja na saa. Asikalishwe. Asipewe maji. Akitapika ageuzwe ubavu wote pamoja. Ubao ukifika, watu wanne wamgeuze kama gogo moja, kichwa, mabega, kiuno na miguu kwa hesabu moja, na yule wa kichwani ndiye atoe amri, hata kama nyapara yupo. Mlango uliong'olewa ni ubao, meza ni ubao. Kiti cha nyuma cha gari dogo si ubao. Ni afadhali kungoja gari la kufaa kwa saa moja kuliko kuwahi na mtu aliyekunjwa, maadamu avuta pumzi vizuri na hatoki damu nyingi.

Kisha karatasi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yampa mwajiri siku saba kupeleka habari kwa Mkurugenzi tangu alipojua, na dai lapasa kuletwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Neva zina ujanja wake. Mtu aweza kuamka vema, ganzi ikaanza baada ya wiki. Basi ajali iandikwe hata kama aliyeanguka amesimama na kucheka. Msikubali kuambiwa "huyu hana kitu, mwacheni aende nyumbani."

Mwenzetu tulimtembelea Jumapili iliyopita. Alituuliza habari za kazi, nani amehamishwa, nani ameoa. Tulimwambia tutasimama mbele ya mkutano kusema juu yake, akasema semeni, lakini jina langu liacheni. Akatuomba tumsogeze kidogo kwenye mto, maana kukaa mahali pamoja hutoboa ngozi isiyosikia, na kila saa mbili lazima ageuzwe. Mke wake alitufundisha namna ya kumshika. Anajua kuliko sisi.

Ombi letu kwa mkutano ni mbao mbili, moja ikae kwenye kiberenge cha gengi upande wa Bungoma, nyingine stesheni ya Kitale. Urefu futi sita na nusu, upana futi moja na nusu, matundu ya kushikia pembeni, na mikanda mitatu. Seremala wetu amesema ataifanya kwa bei ya mbao tu. Mweka hazina ana karatasi ya hesabu. Wanaotaka kujifunza kumgeuza mtu kwa hesabu waje Jumamosi saa nne, nyuma ya ofisi ya chama, nasi tutajilaza chini mtugeuze.